Siku Nne za Kuficha Mti wa Barabara

Mti wa barabara niliuchomoa mimi. Nasema mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta mwingine, kama walivyohangaika watu wa kitongoji chetu kwa siku nne nzima. Hakuna aliyenituma, sikuwa nimelewa, na kichwani sikuwa na siasa yoyote. Nilikuwa na mkungu wa ndizi uliotaka kuanguka.

Asiyelima ndizi anielewe hivi. Mgomba ukibeba mkungu mzito, hasa baada ya mvua, huanza kuinama kidogo kidogo kama mtu anayesinzia kanisani. Usipouegemeza kwa mti utaukuta chini, ndizi changa zimepondeka, na mkeo amesimama pembeni hasemi kitu. Huko kutosema ndiko kubaya. Kwa hiyo huku kwetu kila mwenye kibanja, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, hawezi kuona mti mrefu ulionyooka bila kuutamani.

Asubuhi ile mkungu wenyewe ulikuwa wa enshakala, ndizi zetu za kupika, mkubwa kiasi kwamba nilikuwa nimeanza kuwaonyesha wapita njia. Miti yangu yote ya kuegemezea ilikuwa imeshapata kazi. Mikaratusi iko ng'ambo ya bonde, na kwenda ng'ambo ya bonde kabla ya chai ni jambo ambalo mimi hulitafakari sana kabla ya kuliacha. Nikageuka. Hatua kama kumi hivi, kati ya migomba yangu ya karibu na mpaka, palisimama mti mrefu mara mbili yangu, mnyoofu, umepakwa rangi nyekundu kichwani na kufungwa utepe wa plastiki. Wapimaji wa barabara waliuacha pale wiki mbili nyuma na hakuna aliyerudi kuujulia hali. Nikajiambia wameshamaliza nao. Mti umesimama bure, mkungu unaanguka. Mnyambo gani, mtu wa ndizi tangu kuzaliwa, angepita?

Nikauchomoa, nikauegemeza, ukakaa kama uliumbwa kwa ajili ya mkungu ule. Utepe nikampelekea mke wangu.

"Umeutoa wapi?" akauliza.

"Shambani."

"Siku hizi shamba letu linaota utepe?"

"Linajitahidi."

Akafungia gunia la kahawa, tukanywa chai. Nikawa mtu mwenye furaha kabisa mpaka kesho yake saa nne.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Rafiki zangu niliomaliza nao kidato cha nne wamefika Mwanza, wengine Dar es Salaam, mmoja anasemekana yuko Oman. Mimi nikifika Kayanga mjini narudi na kichwa kinauma, nalala siku nzima. Cheti changu kipo kabatini chini ya vikombe vya wageni, na kazi yake kubwa ni kuzuia vikombe visichafuke. Mke wangu husema kama dunia ingekuwa na mwisho, ungekuwa kwenye uzio wetu wa minyaa. Simbishii. Lakini naye nimweleze jambo moja: mimi sikuifuata dunia, dunia ndiyo iliyoleta barabara mpaka kwangu Igurwa.

Barabara yenyewe ilikuwa inajengwa kwa fedha za nje, kutoka kwetu kuelekea upande wa Kyerwa, iwekwe lami, kahawa isioze njiani na wagonjwa wasibebwe tena kwenye machela mpaka lami inapoanzia. Hakuna aliyeikataa. Ila fedha za nje zina tabia ya ajabu: zikikaribia kijiji, kila mtu anakumbuka kwamba ni yeye aliyeziita. Mkubwa mmoja alisema kwenye msiba kwamba barabara kaileta yeye. Mwingine, kwenye harusi, akasema aliyesema msibani alikuwa hata hajazaliwa kisiasa. Katekista wetu alisema ni sala. Na mwaka ule ukawa wa uchaguzi wa vitongoji, kwa hiyo mwisho akatokea mgombea wa uenyekiti wa kitongoji chenye nyumba zisizofika mia, akasema hadharani kwamba ni yeye aliyezungumza na nchi za nje.

Huyu alikuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale senta. Kambi ya kampuni inayojenga barabara ilinunua kwake misumari, na siku moja wakampa helmeti ya njano. Tangu siku hiyo hakuivua. Aliivaa dukani, akaivaa kwenye bodaboda, akaivaa kanisani mpaka mzee wa kanisa akamwomba aivue, akimhakikishia kwamba paa ni imara. Halafu akapiga picha na mhandisi wa kampuni. Mhandisi alikuwa mgeni wa nje kweli kweli, na nchi yake siitaji kwa kuwa watu wetu wenyewe hawakuwahi kukubaliana ni ipi. Alikuwa ameketi dukani anakula ndizi na maharage, shavu limejaa, mgombea kamshika bega. Picha hiyo ikabandikwa kwenye kila mti wa senta, na chini yake maneno: CHAGUA ANAYEJULIKANA NA KAMPUNI.

Mpinzani wake alikuwa jirani yangu. Ni mama wa makamo anayeelekea uzeeni lakini hataki haraka, mjane, mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya Kilutheri, na migomba yake imepakana na yangu. Yeye hakuwa na picha na mtu yeyote. Aliingia kwenye siasa kwa sababu ya swali moja. Kampuni ilipokuja mara ya kwanza kujitambulisha, sote tulipiga makofi, tukaimba, tukapiga makofi tena, na mtendaji wa kijiji alipouliza kama kuna swali tukatazama viatu vyetu. Akasimama yeye.

"Barabara inapita juu, sisi na chemchemi yetu tuko chini. Mvua ikinyesha, maji ya lami mtayapeleka wapi?"

Mtu mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Mwambieni huyo mama akae, wageni watakasirika warudi na barabara yao." Mtendaji akasema swali limepokelewa, tukapiga makofi mara ya tatu. Halikujibiwa. Lakini wiki hiyo hiyo wanawake wanaochota maji kwenye ile chemchemi walimfuata nyumbani kumwambia achukue fomu.

Sasa turudi kwenye kesho yake saa nne. Nilikwenda senta kununua chumvi, safari ambayo kwangu inahesabika. Nikakuta watu wamejaa mbele ya duka la vifaa, na mwenye helmeti yuko juu ya mifuko ya saruji na kipaza sauti.

"Ndugu zangu! Mnasikia mashine?"

"Hatusikii!"

"Leo siku ya pili mashine zimenyamaza! Nimekwenda mwenyewe kukagua mstari wa barabara. Mti mmoja wa vipimo umeng'olewa. Umeng'olewa! Wageni wetu hawajui barabara ipite wapi. Nimesikia wanataka kuipeleka Nyakatuntu moja kwa moja, sisi tubaki na vumbi letu. Nani kaung'oa? Mimi sitaji jina. Lakini mnamjua aliyesimama kuwauliza wageni maswali!"

Watu wakavuta pumzi kwa pamoja. Mimi nikavuta yangu peke yangu, baadaye kidogo, kwa sababu nilikuwa bado napiga hesabu ya mahali. Mti mmoja. Umeng'olewa. Mstari unapita kwangu. Nikaondoka bila chumvi.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anafungua lile gunia la kahawa kwa meno. Habari zilikuwa zimenitangulia kupitia chemchemini, ambako hufika kabla hazijatokea. Akautoa utepe, akautumbukiza kwenye debe la unga, akafunika.

"Kumbe nimeolewa na mpinga maendeleo," akasema. "Na mahari ilipokelewa."

"Nitaurudisha mti jioni."

"Utaurudishaje, na watu wanalinda mstari mzima tangu saa tatu? Binamu yako yuko pale kwenye mpaka na panga, analinda shimo."

Nilichungulia. Kweli binamu alikuwa pale, anamenya muwa kwa panga, analinda shimo nililolichimbua mimi. Akanipungia mkono. Nikampungia. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikaupaka ule mti matope ukafanana na miti mingine, nikauzungushia majani makavu ya mgomba. Niliporudi nyuma kuutazama nikaona ndio mti pekee shambani uliovaa nguo.

Siku ya pili maneno yakakua. Yalianza kwenye swali la maji yakaishia kwenye ukoo. Babu yake jirani yangu, wakasema, alivuka mto kutoka Rwanda. Mtu wa namna hiyo ataitakiaje mema barabara ya Tanzania? Aliyelisema hilo kwa sauti kubwa kuliko wote, mama yake mzazi alivuka mto huo huo, na wala si zamani. Nami babu yangu alitokea Burundi na kikapu kimoja. Ukianza kututoa tuliotoka ng'ambo, kitongoji chetu kitabaki na mbuzi, na mbuzi nao kuna wa mashaka. Lakini watu wenye hofu ya kunyang'anywa lami hawachekeshwi kirahisi, na mimi ambaye ningeweza kuwachekesha nilikuwa nyumbani nimefunga dirisha.

Siku ya tatu asubuhi jirani akaja.

"Hodi hapa."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona unatoka jasho? Umelima?"

"Hapana mama, nimekaa tu."

"Basi wewe ni wa kwanza kutoka jasho kwa kukaa."

Mke wangu akamletea kibenchi, akakiweka nje kwenye kivuli, na kwa sababu ambazo hajanieleza mpaka leo akakielekeza moja kwa moja kwenye ule mti wenye nguo. Nikasimama katikati.

"Kaa chini," jirani akasema, "unanizibia upepo."

Nikakaa. Tukaleta kahawa ya kutafuna, kama tunavyomkaribisha mgeni yeyote. Akachukua punje mbili, akazishika kiganjani bila kuzitia mdomoni. Hapo nikajua mambo ni makubwa.

"Nimekuja kuwaambia ninyi kwanza, maana tumepakana," akasema. "Kesho kwenye mkutano nitasimama nijitoe."

"Kwa nini, mama?" mke wangu akauliza, akinitazama mimi.

"Jana kwenye mazoezi ya kwaya nilikaa, sauti ya pili wote wakahamia benchi la mbele. Hakuna aliyenisema. Walihama tu na vitabu vyao. Mimi nimezaliwa hapa, nimezaa hapa, mume wangu amelala pale chini ya mibuni. Uenyekiti naweza kuuacha, sikuuomba. Ila nikijitoa watasema nimekiri. Nisipojitoa, kila mashine ikinyamaza ni mimi, kila mvua ikinyesha ni mimi. Wanangu watabaki na jina hilo." Akanigeukia. "Wewe umesoma soma kidogo. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Ningekuwa yeye ningemtafuta aliyeuchomoa mti nimpige na mti huo. Sikusema hivyo. Nilisema, na naona aibu kuandika, "Mama, tuombe Mungu."

Akatia zile punje mdomoni, akaaga, akaondoka. Mke wangu akabaki amesimama na kisahani.

"Tuombe Mungu," akarudia.

"Ndilo lililokuja mdomoni."

"Mungu anajua mti uko wapi. Wasiojua ni wale wengine."

"Watanicheka mpaka nife."

"Wanakucheka tayari kwa kutotoka nyumbani. Umekosa nini?"

"Na yule wa helmeti atasema nimetumwa na jirani."

"Atasema. Na mama wa watu kesho anajitoa mbele ya kwaya nzima kwa sababu mume wangu aliona uvivu wa kuvuka bonde. Chagua mwenyewe." Akaingia ndani. Chakula cha mchana kilikuja, ila bila maneno.

Mkutano ulikuwa siku ya nne, saa tisa alasiri, uwanja wa shule ya msingi. Mwenye helmeti alikuwa amefanikiwa kumleta mhandisi mwenyewe akae meza kuu. Baadaye tulisikia alimwambia ni kikao cha barabara. Mhandisi aliketi kwa adabu, jasho linamtoka, pembeni yake mkalimani, dada kutoka Tanga, mwenye Kiswahili kizuri mpaka sisi tunaoongea Kinyambo nyumbani tukawa tunaona haya kufungua vinywa. Mtendaji akafungua kikao. Mwenye helmeti akasema yale yale ya juu ya saruji, safari hii kwa huzuni, akimwonyesha mhandisi kwa mkono kila alipotaja neno wafadhili. Mhandisi akawa anaitikia kwa kichwa. Kila kichwa kilipoinama, watu walihesabu ni kura.

Kisha jirani yangu akasimama. Alivaa sare ya kwaya. Aliponyoosha kitenge chake kiunoni nikajua anaanza kujitoa, na miguu yangu ikasimama kabla sijaiambia.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilikesha nayo kichwani, ina utangulizi, ina "kwa mantiki hiyo". Yote ikapotea. Nilichosema ni hiki:

"Ndizi ilikuwa inaanguka."

Watu wakageuka. Mtendaji akasema, "Mzee, subiri nafasi ya maswali."

"Si swali. Mti niliuchomoa mimi. Mkungu ulikuwa unaanguka, mti ulikuwa karibu. Huyu mama hajui chochote. Hakuna siasa. Ni enshakala tu."

Kicheko ningekipokea, ila hakikuja. Mwenye helmeti akaiwahi nafasi.

"Mnaona? Majirani wanalindana! Huyu hajawahi kusimama kwenye mkutano tangu azaliwe, leo amepangwa aje kujitwisha mzigo. Ushahidi uko wapi? Alete mti!"

"Siwezi kuuleta," nikasema.

"Kwa nini?"

"Mkungu utaanguka."

Hapo ndipo alipocheka mtu mmoja, mwanamke, upande wa kwaya. Mkalimani naye alikuwa anamnong'oneza mhandisi haya yote, na mhandisi akaongea maneno marefu kwa uso wa kazi. Tukangoja hukumu. Dada wa Tanga akasimama.

"Mhandisi anauliza, je, mkungu wenyewe unaweza kuonekana?"

Ndivyo ilivyotokea kwamba mimi, mtu wa kukwepa mikusanyiko, nililetewa mkutano mzima nyumbani. Walivuka uwanja, wakateremka njia ya chemchemi, wakaingia kibanjani kwangu kama maandamano: mtendaji na faili lake, kwaya, bodaboda, wagombea wote wawili, mhandisi na viatu vyake vikubwa. Binamu yangu alipoona umati akasimama mbele ya shimo na panga lake, kishujaa, akaulizwa amekuwa akilinda nini siku zote nne na mti uko hatua kumi nyuma ya mgongo wake. Akasema yeye aliambiwa alinde shimo.

Mke wangu akatangulia, akauvua mti yale majani makavu, akaufuta matope kwa kanga. Rangi nyekundu ikatokea. Watu wakasema "Aaaa!" kama waliofunuliwa mnara. Akaingia ndani, akarudi na utepe ukiwa na unga, akamkabidhi mtendaji, ambaye hakujua aufanye nini, akaupachika kwenye faili.

Mhandisi akauzunguka mkungu. Akataka auone mti vizuri.

"Ukiutoa unaanguka," nikarudia, nikaona hilo ndilo neno langu la mwaka.

"Basi aushike mtu," mke wangu akasema, akatazama waliosimama karibu. Aliyekuwa karibu kuliko wote, akitafuta nafasi nzuri ya kuonekana na mhandisi, alikuwa mwenye helmeti. Akaupokea. Nikauondoa mti. Uzito ukamshukia wote begani, helmeti ikateleza mpaka puani, na utomvu wa mgomba ukaanza kumchirizikia kwenye shati jeupe, utomvu ambao kila mtu pale anajua hautoki hata ukifuliwa na bibi harusi. Hakuweza kuuachia mbele ya wapiga kura. Wenye simu wakazitoa.

Mhandisi hakuutazama mti hata nusu dakika. Alikwenda kwenye shimo, akamsogeza binamu kwa upole, akafukua udongo kwa ncha ya kiatu chake, akachuchumaa. Chini kidogo palikuwa na kipande cha zege, na katikati yake msumari mnene wa chuma. Akasema, dada wa Tanga akatafsiri taratibu:

"Anasema alama ya kipimo ni hii ya chini. Haikuguswa. Mti ulikuwa wa kuonekana kwa mbali tu, kwa sababu migomba yenu ni mirefu. Wana miti mingi ya namna hiyo. Huu mwachieni mzee."

"Na mashine?" sauti ikauliza. "Mbona zilinyamaza?"

"Mashine ziko upande wa pili, kuna daraja dogo limejaa maji ya mvua. Zinarudi Jumatatu. Ziliondoka kabla mti haujachomolewa."

"Kwa hiyo barabara haihami?"

Mkalimani akatafsiri. Mhandisi akashangaa, akauliza kitu. "Anauliza, ihamie wapi? Mkataba umeshasainiwa huko juu. Hakuna mtu wa kitongoji anayeweza kuileta wala kuiondoa. Anasema hata yeye hawezi."

Watu wote wakageuza shingo kumtazama aliyezungumza na nchi za nje. Alikuwa bado amekumbatia mkungu. "Jamani," akasema kutoka chini ya helmeti, "mti urudi kwanza, halafu tuzungumze." Hapo sasa ndipo walipocheka. Walicheka kwaya, walicheka bodaboda, mtendaji alijificha nyuma ya faili lake, na mimi nilichekwa sana, kwa haki kabisa, mpaka leo nikipita senta kuna anayeuliza kama nimeona nguzo ya umeme iliyosimama bure.

Jirani yangu peke yake hakucheka. Alingoja kelele zishuke, akasogea kwa mkalimani.

"Dada, mwambie nina swali. Niliuliza siku ya kwanza, sikujibiwa. Maji yataelekezwa wapi?" Akanyoosha kidole kwenye mteremko, kutoka mstari wa barabara mpaka kwenye paa la nyumba yake na chemchemi chini yake. Safari hii hakuna aliyenong'ona kwamba akae. Mhandisi akatazama kidole, akatazama mteremko, akashuka naye mpaka chemchemini, wanawake wa ndoo nyuma yao. Alikaa huko muda. Aliporudi alikuwa ameandika kurasa mbili za daftari na kuchora mstari. Kama makalavati yatajengwa pale au la, siku ile hakuahidi, na mimi siahidi kwa niaba yake. Lakini aliulizwa, na hakukasirika, wala barabara haikufungwa kwenye furushi ikarudishwa kwao. Hilo kila mtu aliliona kwa macho yake. Kujitoa hakukutajwa tena.

Uchaguzi ulifanyika Jumatano iliyofuata. Mashine zilikuwa zimesharudi na zilinguruma wakati tunapiga kura, kwa hiyo hakuna aliyeweza kudai zimenyamaza kwa ajili ya mtu. Picha za mhandisi na shavu lake zilikuwa bado kwenye miti ya senta, ila pembeni ya kila moja palibandikwa nyingine, ya mwenye helmeti na mkungu. Jirani yangu alishinda, na kwa kura za kutosha hata waliotaka zirudiwe kuhesabiwa waliona watachoka bure. Sauti ya pili ilimsindikiza kwa nyimbo mpaka nyumbani, yote, na vitabu vyake.

Asubuhi yake nikaenda kumpongeza. Nilivaa shati la kanisani. Nyumba ilikuwa imejaa wageni, wengine kutoka Kanoni, wameketi kwenye mikeka wanakula, na mimi nikasimama mlangoni pale pale nikaanza kuwasimulia jinsi nilivyosimama mkutanoni bila woga. Nilikuwa nimefika kwenye hotuba, nikiirekebisha kidogo, nikiirudishia ule utangulizi, mwenyekiti alipotokea jikoni na sinia la ndizi mikononi.

"Shikamoo, mwenyekiti," nikasema.

"Marahaba. Siku ya nne ulisema kweli, nimekushukuru. Lakini siku tatu ulinisikia natukanwa ukajifungia ndani, nikaja kwako ukanituma kwa Mungu. Kwa hiyo usijifanye umenipa wewe kiti, na sogea hapo mlangoni, watu wanataka kupita."